Je, nisimulie maradhi yangu mbele ya kamati ya afya ya kaunti?

Binti wa Shela, Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wagonjwa wenzangu wameniomba nikazungumze mbele ya kamati ya afya ya bunge la kaunti wakati wa kujadili makadirio ya bajeti, ili haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa huu, ipatikane hospitalini badala ya kila mtu kujinunulia katika duka la dawa. Nina hofu mbili. Wadogo zangu wa kike hawajaolewa, na mji wetu huu hauna siri. Sitaki posa zao ziharibike kwa sababu yangu. Tena, sijui kama machungu ya mtu mmoja yanaweza kugeuza hesabu za serikali.

Muuguzi Mstaafu, Msabaha

Waalaykum salaam, mwanangu. Machungu peke yake watakuonea huruma, kisha watapitisha bajeti ile ile. Waeleze kinachotokea dawa inapokosekana: maumivu ya mifupa yanakulaza wodini, unaongezewa damu, na gharama ya hayo yote inarudi kwenye mfuko huo huo wa kaunti. Hapo kisa chako kinakuwa hoja ya fedha. Wakumbushe pia kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha watoto wa nchi nne za Afrika, wakiwamo wa hapa Kilifi, na ukaonyesha kwamba dawa hii ilipunguza maumivu, uhitaji wa kuongezewa damu na hata malaria. Itakuwa ajabu dawa ijaribiwe kwetu kisha tuikose. Omba pia vipimo vya damu vya mara kwa mara, kwa kuwa dawa hiyo haitumiwi bila kuangaliwa. Makadirio hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo ukichelewa hadi Juni huenda ukakuta yamekwisha kuamuliwa.

Kuhusu wadogo zako, mtoto hupata selimundu anaporithi kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi upande mmoja kwa kawaida huwa mzima, na watu kama hao ni wengi hapa Pwani, kwa kuwa urithi huo huwakinga na malaria kali. Huenda hao watakaowanyooshea kidole wana urithi huo wenyewe.

Mzee wa Langoni, Lamu

Naafikiana na Bi. Muuguzi kuhusu hoja, lakini naona ameipita hofu ya kwanza upesi mno. Elimu ya urithi haizuii maneno ya barazani. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao vya bunge la kaunti na kamati zake viwe wazi kwa umma, isipokuwa kwa sababu maalumu, kwa hiyo utakayoyasema hapo hayatarudi ndani. Nimeona wagonjwa wakiitwa walie mbele ya kamera, picha zikasambazwa, na aliyewaita asirudi hata kuwajulia hali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa nyeti. Basi waandalizi wasichapishe picha wala jina lako bila idhini yako. Unaweza pia kupeleka maoni kwa maandishi kupitia chama cha wagonjwa, na daktari akaenda kuyasoma.

Kaka wa Maweni

Shikamoo Mzee. Maandishi yana nafasi yake, lakini daktari hawezi kujibu maswali ya mjumbe kuhusu usiku wa maumivu. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikubaliana na Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, waliolalamika kwamba sheria ya bidhaa ghushi ya 2008 ingeweza kuwazuilia dawa za bei nafuu. Kesi ilisimama kwa sababu wao wenyewe walieleza kwamba uhai wao ulitegemea dawa hizo. Dada, msiende mmoja. Nendeni wanne au watano, wazazi wa wagonjwa wakiwamo, ili ukoo mmoja usibebe mzigo wote.

Binti wa Shela, Malindi

Ahsanteni sana. Nitawaeleza wadogo zangu kwanza, na wakiridhia nitakwenda pamoja na wazazi wawili niwajuao. Nitazungumzia dawa, vipimo na kulazwa. Habari za nyumbani nitaziacha nyumbani, na picha sitaruhusu. Bi. Muuguzi, ukipata nafasi naomba unisomee maandishi yangu kabla sijayapeleka kwa karani wa bunge.