Mtoto hali mchana: mnawatengenezea nini cha haraka kinachowavutia wadogo?

MamaTunu

Habari zenu wapendwa. Nina binti wa miaka 3 na nusu, na mdogo wake wa kiume ana mwaka 1 na miezi 2. Asubuhi hawana neno, wanakula vizuri. Kasheshe ni mchana. Binti akiiona sahani tu anasema "sitaki hiki" kabla hata hajajua hiki ni nini. Mdogo naye siku hizi anamwangalia dada yake. Dada akisukuma sahani, na yeye anasukuma.

Jumanne nikasema leo nitamfurahisha. Nikafinyanga wali ukawa dubu, masikio ya yai, macho ya karoti, sharubu za tango nilizozikata nyembamba kama uzi. Dakika 50 nimesimama jikoni, mdogo amening'ang'ania miguuni analia. Binti alipomwona dubu alipiga makofi, akacheka, akanyofoa macho yote mawili akayala, kisha akafunga mdomo. Wali haukuguswa. Nililia, sisemi uongo.

Saa 10 jioni akaomba biskuti. Nikampa, maana niliogopa asije akalala na njaa.

Ratiba yetu kwa ufupi: saa 2 asubuhi mkate na yai, saa 5 na nusu kikombe kikubwa cha maziwa wanapoanza kudeka, chakula saa 6 na nusu. Bakuli la zabibu na biskuti linakaa mezani kutwa, anayetaka anachukua.

Naomba mnisaidie: mnatengeneza nini ndani ya robo saa, kinachovutia macho na kinacholiwa kweli? Na kama kuna kinachoweza kuliwa na wote wawili, nitashukuru zaidi.

---

MpishiWaChekechea

Pole sana dada. Kilio cha jikoni nakijua. Nilipika kwenye chekechea miaka 9, watoto 22 kila mchana, na sasa niko nyumbani na wanangu wawili. Nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Kwanza yale maziwa ya saa 5 na nusu. Kikombe kikubwa saa moja kabla ya chakula kinamjaza, tumbo lenyewe ni dogo. Anaposema "sitaki," huenda anasema kweli. Maziwa yapeleke pamoja na chakula au baada yake, kiasi kidogo, na katikati ya asubuhi wape maji. Bakuli la mezani liondoe. Mtoto wa umri huo anatosheka na milo 3 na vitafunio mara 2, na akikaa saa 2 na nusu hivi bila kudokoa, anakuja mezani na njaa yake. Hili peke yake litakuonyesha tofauti ndani ya wiki.

Sasa dubu. Dubu alikuwa wako wewe. Ulimfinyanga wewe, ukamkatia sharubu wewe, binti akabakiwa na kazi ya kula tu, na hiyo ndiyo kazi asiyoitaka saa ile. Mpe sehemu ya kazi yenyewe. Kule chekechea nilikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa hagusi yai kabisa. Siku moja nilimpa yai la kuchemsha likiwa na vuguvugu nikamwambia alimenye. Alikaa nalo kama dakika 7, anabandua ganda vipande vidogo vidogo, anavipanga kwenye ukingo wa sahani, ulimi uko nje pembeni mwa mdomo. Alipofika kwenye lile gamba jembamba la ndani akalivuta, likatoka refu, akapiga kelele ya furaha. Halafu akaling'ata yai. Sikumwambia "kula." Nilinyamaza nikageukia sufuria yangu, maana nilijua nikisema neno tu atalirudisha mezani.

Ninavyovitengeneza mimi, vyote ni vya robo saa au chini yake:

Magurudumu ya mkate. Ondoa kingo za slesi, mpe mtoto chupa au kijiti cha kusukumia aikandamize hadi iwe bapa kabisa. Paka yai lililopondwa na mtindi kidogo, au maharage yaliyopondwa, au parachichi. Kunja kama mkeka, kata vipande vya upana wa kidole. Yeye anasukuma na kupaka, wewe unakata. Ya mdogo usiikunje, ikate vijiti laini vya kushika mkononi, maana mkate uliokandamizwa unanata kinywani.

Pankeki za ndizi. Ndizi 1 iliyoiva hadi ina madoa, mayai 2, vijiko vikubwa 4 vya oti. Ponda, changanya, uache dakika 10 oti zinywe maji. Hapo ndipo wengi wanakosea: wakikaanga papo hapo zinasambaratika, wanaona hazifai. Moto mdogo, mafuta kiduchu, kijiko kimoja kwa kila pankeki, geuza ukingo ukishakauka. Sukari haihitajiki, ndizi inatosha. Wako wote wawili watakula. Zikibaki zigandishe kwenye friza, siku ya haraka unazipasha tu.

Trei ya vishimo. Ile ya kuokea keki ndogo, yenye vishimo 6. Kila kishimo kitu kimoja, kidogo sana: vipande 3 vya kuku, vijiti vya tango, kijiko cha wali, yai, chungwa, na kimoja ni kitu ambacho una hakika anakipenda. Wangu wa kwanza alikuwa anasafiri kutoka kishimo hadi kishimo kwa kidole, anavitaja. Watoto wengi wadogo hawapendi vyakula vikigusana, na trei inamaliza ugomvi huo. Kiasi kidogo nacho kina nguvu yake: rundo la wali linamtisha, kijiko kimoja anakimaliza na anaomba tena.

Halafu usimsihi. Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyegawa kazi hivi: mzazi anaamua kinaliwa nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua atakula kiasi gani, na kama atakula au la. Mwanzoni niliona ni kumdekeza mtoto. Nilipoanza kuifuata, makelele mezani yaliisha, na ndipo walipoanza kuonja. Kukataa chakula kigeni kati ya miaka 2 na 6 ni jambo la kawaida, na chakula kipya kinaweza kuhitaji kuletwa mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali. Wangu wa pili nilimhesabia karoti za kuchemsha. Mara ya 12 ndipo alipozila.

---

BabaPacha

Mpishi amesema mengi, mimi naongeza ya saa 10 jioni, maana pacha wangu (miaka 4) nakaa nao mimi jioni.

Biskuti tuliziacha taratibu bila kutangaza. Sasa tuna "duka": naweka vitu viwili tu kwenye meza ndogo, kila mmoja anachagua kimoja. Zikiwa sahani tano wanagombana, zikiwa mbili wanachagua. Jana ilikuwa vipande vya ndizi vilivyochovywa kwenye mtindi, au tufaa na siagi ya karanga iliyopakwa kwa wembamba.

Kuhusu tufaa: likibadilika rangi wangu hawaligusi, wanasema limeoza. Ni hewa inayokutana na vimeng'enya vya tunda lenyewe, halijaharibika, lakini mkamulie ndimu kidogo au ulichovye dakika chache kwenye maji yenye chumvi kidogo kisha ulisuuze, linabaki jeupe.

Na taa za barabarani! Kijiti cha mkate, juu yake kipande cha nyanya, kiini cha yai, kipande cha tango. Nyekundu, njano, kijani. Wanaanza kula kijani kwa sababu "gari limeruhusiwa." Dakika 3 kazi imekwisha.

Vipi wali uliobaki, mnauhifadhije? Nasikia una hatari yake.

---

NesiWaWatoto

Hatari ipo, BabaPacha. Kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemsha, na wali ukikaa nje na joto lake zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake ukiwa umepashwa hadi utoe mvuke wote.

Mama Tunu, kilichonishtua mimi kwenye maelezo yako ni zile zabibu mezani na mtoto wa mwaka 1 na miezi 2 anajichukulia. Tafadhali ziondoe leo. Zabibu nzima ni ya mviringo, laini, inateleza, na ukubwa wake unaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto mdogo kama kizibo. Ikate vipande 4 kwa urefu wake, na hata dada yake wa miaka 3 na nusu umkatie hivyohivyo. Nyanya ndogo za mviringo vilevile. Soseji ikate kwa urefu, kamwe usikate visahani vya duara. Karanga nzima na kokwa nyingine zisubiri miaka 5, bisi zisubiri miaka 4. Siagi ya karanga ni sawa ikipakwa nyembamba kama alivyosema BabaPacha. Bonge la kijiko linanata kooni.

Karoti na tufaa za mdogo zipike kwanza. Kipimo changu: kibonyeze kipande kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka, kinafaa.

Wale kwa kukaa, wasikimbie na chakula mdomoni, na mtu mzima awe anawatazama kwa macho. Mtoto anayekohoa na kutoa sauti anajitahidi mwenyewe, mwache akohoe huku unamwangalia. Anayekabwa kweli mara nyingi hana sauti, na ndiyo maana kusikiliza kutoka chumba cha pili hakusaidii. Tafuta mtu akufundishe kwa vitendo kupiga mgongo na kusukuma tumbo. Ukiisoma tu, mikono haitakumbuka.

Na kwa wengine mnaosoma: asali isimguse mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, hata ya kuonjeshwa.

---

MamaTunu

Nimerudi baada ya siku 9. Nesi, zabibu niliziondoa nikiwa bado nasoma ujumbe wako, mikono inatetemeka. Ahsante sana, Mungu akubariki.

Maziwa nimeyahamisha. Siku ya kwanza walilia saa 5 na nusu kama walivyozoea, nikawapa maji na tukaenda kuangalia sisimizi nje. Siku ya tatu hawakukumbuka.

Magurudumu ya mkate binti amesukuma hadi slesi ikatoboka, ikabidi tuanze nyingine. Amekula manne. MANNE! Hakuuliza ndani kuna nini kwa sababu alipaka mwenyewe. Siku iliyofuata alikula nusu ya moja akashuka kwenye kiti. Nilitaka kumwita, nikakumbuka ya Mpishi, nikanyamaza. Saa 10 alikula ndizi na mtindi hadi bakuli likabaki safi, na biskuti hakuitaja.

Swali moja limebaki. Trei ya vishimo anaipenda mno, lakini kishimo cha maharage anakimwaga kila siku mezani. Niache kuweka maharage?

---

MpishiWaChekechea

Nimefurahi hadi nimemsomea mume wangu!

Usiache. Punguza yawe punje 3 tu, na umwekee kisahani kitupu pembeni cha "sijakiamua bado." Asichotaka anakihamishia humo kwa kijiko mwenyewe. Hapo tayari ameyagusa, ameyanusa na ameyabeba. Yaweke kwenye mlo mmoja na nyanya au kipande cha chungwa karibu, maana vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kwa hiyo siku atakayoyakubali yatamfaa zaidi. Mdogo mpondee yake.

---

MamaTunu

Kisahani kimepatikana, ni kile cha bluu cha wanasesere wake. Leo punje 2 zimehamia humo. Ya tatu ameilamba, akairudisha kwenye kishimo chake.