Binti yangu, msiba wa baba yake, na kijana wa hapa Wete

Kutoka: Mama wa Wete (zamani Leicester)

Asalaam alaykum jamaa zangu,

Wengi wenu mlikuja kutuhani tulipomzika mume wangu huko Leicester, Mwenyezi Mungu amrehemu. Eda niliianzia huko huko, kodi ya nyumba ikanishinda, na kwa ushauri wa sheikh wetu nikaja kuimalizia kwa mama yangu hapa Wete. Sikujitoa kwenye orodha hii yetu ya walio ng'ambo kwa sababu maswali yangu bado ni ya kwenu. Mwanangu kazaliwa huko, ana miaka 16, na kwake yeye ng'ambo ndiyo hapa.

Jambo lenyewe ni hili. Miezi ile minne na siku kumi mimi sitoki, basi kila shughuli ni yeye: sokoni, dukani, kwa sheha, hata skuli alikwenda kujiandikisha na ami yake bila mimi. Mtaa ukamjua kabla haujanijua mimi niliyezaliwa hapa. Ulipoanza msimu wa karafuu, jirani yetu akawa anaita vijana jioni kuchambua, naye akenda. Aliyewahi kuchambua karafuu anajua: mikono ina kazi, mdomo hauna. Pale ndipo alipozoeana na kijana mmoja wa kidato cha nne, mtoto wa watu, hana sifa mbaya. Mwanzo alikuwa akimsahihisha Kiswahili chake. Wengine walikuwa wakimcheka.

Sasa usiku nasikia simu. Hawaandikiani sana, wanatumiana sauti. Juzi nilipita mlangoni nikamsikia anamhadithia kijana habari za baba yake: alivyokuwa akigombana na mashine ya kulipia maegesho kama anagombana na mtu, alivyokuwa akipika wali wa nazi Jumapili na kuunguza ukoko kwa makusudi kwa kuwa ndio aupendao. Anacheka, kisha kimya, kisha anavuta pumzi. Wallahi tangu tufike hajalitaja jina la baba yake mbele yangu.

Kaka yangu anasema simu ichukuliwe. Mama yangu anasema apelekwe Unguja kwa dada yangu. Mimi sijui. Nikimkataza, namkataza kijana au namkataza baba yake? Naomba shauri, hasa kwa waliolea wa umri huu.


Kutoka: Mzee wa Muscat

Waalaykum salaam. Pole binti yangu. Mtoto amerudi nyumbani, na afuate ya nyumbani. Sauti ya mtoto wa kike usiku kwenye simu ya mwanamme si jambo. Simu chukua. Na kama wanapendana kweli, wazee waonane, waozeshwe, fedheha isitangulie. Halali haina aibu.


Kutoka: Shangazi wa Leeds

Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima zote nakupinga, maana hapa wanasoma watu ambao mabinti zao wako huku. England na Wales umri wa ndoa ni miaka 18 tangu Februari 2023. Ridhaa ya mzazi haisaidii tena. Na sheria haikuishia kwenye ndoa za kuandikishwa, inagusa hata ndoa ya msikitini: anayempangia mtoto ndoa ndiye mwenye kosa. Binti huyu kesho anaweza kutaka kurudi kusoma. Msimfungie mlango.

Achilia mbali sheria. Mtoto aliyefiwa hatafutiwi mume, anatafutiwa usingizi.

Mama wa Wete, jengine nje ya mada: ulidai malipo ya wajane kabla ya kuondoka? Kama marehemu alikuwa akikatwa bima ya taifa na mlikuwa mkiishi Uingereza siku aliyofariki, una haki ya kuomba. Mwenye mtoto anayemlea hupata pauni 3,500 mwanzo, kisha 350 kila mwezi hadi miezi 18. Ukichelewa zaidi ya miezi 3 tangu kifo unaanza kupoteza, na ikipita miezi 21 basi tena. Niandikie pembeni tuiangalie pamoja.


Kutoka: Mchakwe (Mpemba) aliyeko Bolton

Assalamu alaykum. Kwa kawaida mimi nasoma tu na kupita, leo nitaandika.

Baba yangu alikuwa ndani ya meli ya Spice Islander. Iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 kuja Pemba, ikazama upande wa Nungwi usiku ule ule kabla ya alfajiri. Nilikuwa na umri kama wa binti huyu. Mjomba alikwenda viwanja vya Maisara kuangalia maiti, akarudi peke yake. Tukamsalia ghaibu, tukasoma khitma, watu wakatawanyika. Mwaka uliofuata nikaletwa huku kwa ami yangu.

Nyumbani kwa ami kila aliyekuja alikuwa na neno moja kwangu: subira. Neno zuri. Lakini lilikuwa likija haraka sana, kabla sijasema kitu, na nikajifunza kwamba mazungumzo ya baba yanaishia hapo. Yupo mwenye kuambiwa subira akaendelea kuulizwa "alikuwa mtu wa namna gani?" Mimi sikumpata.

Aliyeniuliza alikuwa msichana wa darasani, Mgujarati, tulikuwa tukingojea basi pamoja. Aliniuliza baba yangu alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia fundi wa mashua, na kwa Kiingereza changu kibovu nikamweleza namna ya kuziba ufa kwa pamba na mafuta ya papa. Aliniacha niseme mpaka basi likapita. Nikampenda hapo hapo, na sioni haja ya kuficha. Ami akajua, akaninyang'anya simu, akanibadilisha na skuli. Alidhani amekata mapenzi. Alichokata ni yale mazungumzo, na mimi nilikaa miaka bila kumtaja baba yangu kwa mtu yeyote. Ami ni mtu mwema, alinilea, alinisomesha. Hakujua tu ndani ya simu ile mlikuwa na nini.

Yule msichana hatukuoana, kaolewa Leicester na mtu wao, na mimi nina mke wangu kutoka Micheweni na watoto. Kwa hiyo simtetei yule kijana wa Wete. Namtetea binti apate pa kusemea. Mama, mambo ya baba yake unayo wewe zaidi ya mtu yeyote. Yaanzishe wewe. Ukichambua mchele, ukipika wali, sema "baba yako huu ukoko angeupigania". Usimuulize "unajisikiaje," swali hilo hata mimi mtu mzima linanikimbiza.


Kutoka: Nesi wa Toronto

Nakubaliana na ndugu wa Bolton, nitaongeza ya kikazi kidogo. Huzuni ya umri huu haikai mahali pamoja. Asubuhi analia, mchana anacheka na wenzake, na watu wazima wanadhani ameshasahau au hana adabu. Si hivyo, hawezi kuibeba siku nzima. Na mapenzi kumjia wakati wa msiba si kumkosea baba, lakini wengi wao wenyewe wanaona ni kosa, wanajichukia kwa kufurahi. Muangalie hapo.

Mipaka muwekee, wala usione haya. Simu ilale chumbani kwako baada ya saa nne usiku. Kijana akija, aje barzani mchana, bibi akiwepo. Mipaka ya wazi humtuliza mtoto, kinachomtia hofu ni kunong'onwa.

Ukiona halali wiki kwa wiki, hali chakula, hataki skuli, au anasema bora naye angekufa, usingoje. Nenda hospitali, na asikutishe mtu kwa jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa kuwa anasoma Kiingereza, mashirika ya Uingereza, Winston's Wish na Child Bereavement UK, yana maandishi ya vijana waliofiwa kwenye tovuti zao, yanasomeka hata Wete. Mpe kiungo tu, usikae naye asome.

Swali moja. Kaburi la baba yake ameliona?


Kutoka: Mama wa Wete (zamani Leicester)

Nimesoma zote, nyengine mara mbili. Mzee wa Muscat, nakuheshimu na najua umesema kwa mapenzi, lakini sitamuozesha.

Nesi, hajaliona. Siku ya maziko wanaume waliondoka na jeneza, sisi tukabaki ndani kama ada yetu, kisha mimi nikawa edani na yeye hakuniomba. Jana nilimuuliza. Kwanza akasema "si lazima". Baadaye, wakati tunaanua karafuu mvua inakuja, akasema anataka kujua kama kuna mti karibu. Sikuweza kumjibu.

Saa za simu tumekubaliana. Kijana nimemwita barzani, kaja na mamake, kumbe mamake nilisoma naye chuoni. Kaka yangu kanuna, yatamwisha.


Kutoka: Jirani wenu wa zamani, Leicester

Da, mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba. Mti upo, lakini sikumbuki wa aina gani. Jumapili saa tano asubuhi ya huku, kwenu saa nane mchana, nitakuwa hapo na simu yenye chaji kamili. Kama binti anataka kuona moja kwa moja, apige yeye, na kama hataki nitarekodi nikutumie wewe, umpe akitaka. Intaneti ya Wete ikikataa tutarudia wiki ya pili.

Nitumie picha ya karatasi ya manispaa yenye namba ya kaburi, kwa sababu bado hakuna jiwe, na safu zile zote zinafanana. Na muulize kama kuna kitu anataka nipande. Udongo umeshashuka, utakubali.