Karatasi ya visanduku tisa

Kikundi: Majirani wa Tyrrelstown 🇮🇪
Jumatatu, katikati ya Oktoba

18:42 Mama Furaha: Jambo kwenu wote. Samahani kwa kusumbua. Madamu wa Furaha alituma hii karatasi ya kazi ya nyumba kwa Seesaw, ile app ya shule. Iko na visanduku tisa, kila kimoja na kazi yake! Miye natoka kazi saa kumi na mbili. Hii yote nitaifanya na mtoto saa ngapi?

18:42 Mama Furaha: 📷 Picha

18:44 Mama Brayo: Wueh. Nilidhani hii mambo niliiacha Nairobi 😂 CBC, ule mtaala wa Kenya, imenifuata mpaka Dublin.

18:45 Mama Brayo: Kule ilikuwa saa tatu usiku ndio unaambiwa "mum, mwalimu amesema kesho tulete manila na maboksi." Mtoto analala, mimi ndio nakata na kubandika. Asubuhi naenda kazini na gundi kwa nywele.

18:47 Baba Salma: Ya Salma nimeiona. Tembea nje utafute maumbo. Saidia kupika. Okota majani matano. Hiyo kazi ya shule au pikiniki? Mtoto yuko darasa la nne, saba mara nane bado anahesabia vidole.

18:48 Baba Salma: Sisi Tanga ulikuwa unarudi na maswali ishirini umeyanakili ubaoni, na kesho yake usipokuwa nayo unajua kinachokungoja.

18:51 Mama Nuru: Poleni na kazi jamani. Mama Furaha, picha yako imekatika chini. Hebu teremka mpaka mwisho wa karatasi, pana mstari wa maandishi madogo chini ya visanduku.

18:55 Mama Furaha: Aaah. Imeandikwa... chagua tatu?

18:55 Mama Nuru: Vitatu. Na ni mpaka Alhamisi, si usiku huu.

18:56 Mama Furaha: Mungu wangu. Tulikuwa tumesha anza cha nne 🙈

18:58 Mama Nuru: Basi mpe maziwa akalale, ameshamaliza wiki yake.

19:01 Mama Nuru: Mimi si mwalimu, ni msaidizi darasani tu, lakini kazi hizi naziona zikirudi. Mwalimu anajua mara moja ipi ya mtoto na ipi ya mama. Kuna mwaka tuliletewa kasri la maboksi lina madirisha yanayofunguka na ngazi za ndani. Mwenye kasri alipoulizwa kalijengaje, akajibu "hata mimi nilishangaa nilipoamka."

19:02 Mama Brayo: 😂😂😂 huyo ni mtoto wangu wa CBC kabisa

19:04 Baba Salma: Lakini Mama Nuru, si Rais wao mwenyewe, mzee Higgins, alipokuwa bado madarakani alisema Januari 2023 kwamba mambo ya shule yaishie shule? Basi ama watoe kazi ya maana, ama waache kabisa. Hii ya katikati ndiyo siielewi.

19:08 Mama Nuru: Alisema, na watoto walishangilia kweli. Lakini ile ilikuwa rai yake, haikuwa amri. Kazi za nyumbani huku kila shule inajipangia sera yake, bodi ya shule inaipitisha. Ndiyo maana Salma na Furaha wana visanduku, na kwa Mama Brayo bado kuna maneno ya imla kila siku.

19:09 Mama Brayo: Kila siku! Na Ijumaa mtihani wake.

19:13 Mama Nuru: Na hayo maumbo usiyadharau, Baba Salma. Mtaala wa hesabu wa shule za msingi ulibadilishwa 2023, na mambo mawili uliyoyawekea mkazo ni mtoto kuicheza hesabu na kuizungumza. Yaani haitoshi kusema 56, aeleze kaifikiaje. Sasa ukiwa naye njiani, muulize kwa nini nyumba za upande ule ni witiri na za upande huu ni shufwa. Utasikia mambo.

19:14 Mama Nuru: Jedwali la kuzidisha alijue kwa moyo. Hapo niko upande wako na sitoki.

19:15 Baba Salma: Alhamdulillahi, tumepata pa kuanzia.

19:19 Mama Brayo: Mimi kazi ya hesabu ya Brayo niliimalizia kwa chupa. Mama Furaha, unajua ile mashine ya chupa pale supermaketi?

19:20 Mama Furaha: Naona watu na mifuko. Sijue ni nini.

19:24 Mama Brayo: Tangu Februari 2024 ukinunua soda au maji ya chupa ya plastiki au kopo, unalipa pesa ya juu kidogo. Senti 15 kama ni mpaka nusu lita, senti 25 ikizidi hapo mpaka lita tatu. Ukirudisha unapewa yako. Lakini usiifinye! Ikikunjika mashine inaikataa. Na za maziwa usibebe, hazimo.

19:25 Mama Furaha: Yani miye natupaka pesa kila siku???

19:28 Mama Brayo: Karibu club 😅 Sasa Jumamosi tulikuwa na makopo 14 na chupa kubwa 6. Nikamwambia Brayo, kabla mashine haijatoa risiti niambie tunapata ngapi. Akasimama hapo akiongea peke yake. "Kumi ni moja na hamsini, nne ni sitini, hiyo ni mbili na kumi. Kubwa nne ni yuro, zimebaki mbili, hamsini." Akasema tatu na sitini. Risiti ikatoka tatu na sitini. Mzungu nyuma yetu akapiga makofi.

19:29 Mama Brayo: Nilimrekodi sauti tu, nikapakia Seesaw. Hakuna gundi, hakuna manila.

19:31 Mama Nuru: Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na umefanya vyema kurekodi sauti, maana ukipiga video pale mashineni unawapakia na watoto wa wenyewe bila idhini.

19:33 Mama Nuru: Baba Salma, hii ni ya darasa la nne. Risiti imeandikwa yuro 3 kamili. Ndani kumeingia chupa gani na gani? Jibu si moja.

19:35 Baba Salma: Kubwa 12. Au ndogo 20. Nimemaliza.

19:35 Mama Nuru: Hujamaliza.

19:41 Baba Salma: Ndogo 10 na kubwa 6. Njia tatu.

19:41 Mama Nuru: Mpe Salma simu.

19:43 Baba Salma: Mimi naenda kuswali Isha, simu namwachia. Msimpe majibu.

19:58 Baba Salma: Shikamooni, ni Salma. Ziko tano. Kubwa 3 ni senti 75 na ndogo 5 ni senti 75 pia. Kwa hiyo naanza na kubwa 12, natoa 3 naweka ndogo 5. Inakuwa 9 na 5. Natoa tena, 6 na 10. Tena, 3 na 15. Tena, 0 na 20. Baba aliruka mbili

19:59 Mama Nuru: Marahaba mwanangu! Hayo maneno uliyoyaandika, yaandike hivyohivyo kwenye karatasi ya mwalimu.

20:00 Mama Brayo: "Baba aliruka mbili" usiiache nje 😂

20:03 Mama Furaha: Salma, mama, saidia miye na kitu kingine. Kisanduku cha Gaeilge, ile lugha ya Ayalandi. Tatu tumemaliza, lakini Furaha anakitaka. Eti Furaha afundishe mutu wa nyumba maneno matano ya bintu biko mu sakoshi yake ya shule. Huyo mutu wa nyumba ni miye. Naangalia maneno, sijui kinywa kinaanzia wapi.

20:09 Baba Salma: Ni rahisi aunty. Mimi nilimwandikia Baba jinsi yanavyosikika, kwa herufi za Kiswahili:
mála scoile (mkoba) maala skole
leabhar (kitabu) lyaur
peann luaidhe (penseli) pyaun luui
rialóir (rula) rialoor
bosca lóin (boksi la chakula) boska loon

20:10 Baba Salma: Ukiona bh au mh inakuwa w au v. Herufi yenye mkwaju juu unaivuta

20:12 Mama Brayo: Ngoja, Brayo anasema penseli ni "pyaan". Si "pyaun".

20:16 Mama Nuru: Wote wako sawa. Mwalimu wa Salma ni wa Kerry, wa Brayo ametoka Galway, kila upande na lahaja yake. Nendeni teanglann.ie, kamusi ya Gaeilge, andika neno, utaona vitufe vitatu vya kusikiliza: Munster (ndiko Kerry), Connacht (ndiko Galway) na Ulster. Mfuate mwalimu wa mtoto wako, muachane na wa jirani.

20:17 Mama Nuru: Na sentensi nzima mkaitaka isomwe, abair.ie ya Chuo cha Trinity inasoma chochote ulichoandika kwa Gaeilge.

20:20 Mama Brayo: Si ningeomba tu huyu mtoto asamehewe Gaeilge? Watu wanasema kuna exemption.

20:24 Mama Nuru: Ipo, lakini si ya kuomba kwa sababu mama hajui. Hasa ni ya mtoto aliyesoma nje mpaka angalau miaka 12 ndipo akaja huku, au mwenye shida kubwa ya kusoma na kuandika iliyothibitishwa. Brayo kaja huku mdogo, Mama Brayo. Huyo sasa ni Dubliner wa maji ya mto Liffey.

20:25 Mama Brayo: 🙄 haya. Pyaan.

20:29 Mama Nuru: Mama Furaha, kuna sentensi moja Furaha aijue kabla ya zote: "An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas?" Ni ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Hapa Ayalandi mtu akisahau Gaeilge yote aliyosomeshwa, hiyo hubaki. Isome "an wil kyad agam dul go dii an lehras". Akibanwa aombe kwa lugha yoyote, hakuna atakayemzuia.

20:34 Mama Furaha: Aksanti sana. Na kile cha kusoma dakika kumi kila siku? Kingereza yangu ni ya kuhangaika. Nikisoma mubaya, si nitamuharibia?

20:39 Mama Nuru: Msomee Kiswahili. Au Kifaransa, ukipenda. Tena mtaala wa lugha wa 2019 unataka lugha ya nyumbani ikaribishwe darasani. Mtoto aliyezoea hadithi kwa lugha yako, anayejua kwamba lazima kuna kilichotokea kabla na kitakachotokea baadaye, huyo akiingia kwenye Kiingereza kilichobaki ni maneno tu. Kwenye kidaftari chake cha kusoma andika jina la hadithi na "Kiswahili", utie sahihi.

20:41 Mama Nuru: African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure, zina picha, na nyingi utaikuta ileile kwa Kiingereza. Unamsomea yako, naye anakusomea yake.

20:43 Mama Brayo: Na kadi ya maktaba pale Blanchardstown ni bure. Faini walifuta nchi nzima 2019, kwa hivyo ukichelewa na kitabu hakuna mtu wa kukudai faini. Pia unapata BorrowBox kwa simu, vitabu vya kusikiliza. Brayo anasikiza akioga.

20:52 Baba Salma: Nimerudi. Nimesoma yote. Tano, eh? Sawa.

20:53 Baba Salma: Msimamo wangu haujabadilika. Saba mara nane kwanza.

20:53 Mama Nuru: 56 sheikh. Sasa chagua kisanduku cha tatu, mna viwili tu.

20:56 Baba Salma: Kuna hiki cha "muulize mtu mzima mchezo aliocheza utotoni". Nimemwambia mdako. Hajui mdako ni nini! Mtoto wangu!

21:01 Baba Salma: Nikamkalisha sakafuni na kokoto kumi tulizookota pale bustanini. Unachora duara, kokoto ndani. Moja mkononi unairusha juu, ikiwa hewani unazitoa zilizomo, unaidaka, ukiirusha tena unazirudisha ukiacha moja nje. Ukimaliza mojamoja unaenda mbilimbili, halafu tatutatu. Akaniuliza, "Baba, ziko tisa duarani, nikifika nne nne inabaki moja, hiyo naifanyaje?" Nikanyamaza kwanza.

21:02 Mama Nuru: Hiyo umeshampa kugawanya na baki, bila daftari.

21:03 Baba Salma: Usianze.

21:07 Mama Nuru: Siku ya kupeleka aende nazo kokoto. Waayalandi wenyewe walikuwa na jackstones, kokoto tano, unarusha na kudaka vilevile. Mwalimu akiwa na umri kidogo atakaa sakafuni naye.

21:12 Mama Furaha: Kwetu Uvira wasichana walicheza hiyo ya mawe! Miye nilikuwa bingwa. Kumbe kisanduku cha nne nilichoanza kilikuwa ni hiki, nilidhani lazima nitafute mchezo wa Ayalandi.

21:13 Mama Brayo: Mlete Furaha kwa Salma wacheze. Mimi sina magoti ya hiyo mambo.

21:18 Mama Nuru: Ukumbusho kabla sijalala: Jumatatu ya mwisho ya Oktoba ni sikukuu na wiki hiyo yote shule zimefungwa kwa midterm. Hakuna karatasi. Anayeulizia visanduku wiki hiyo namtoa kikundini.

21:19 Baba Salma: Jedwali la kuzidisha halina midterm.

21:22 Mama Furaha: Kesho nakusanya machupa yote chini ya sinki. Nani anaenda mashineni saa kumi na mbili na nusu?

21:24 Mama Brayo: Mimi. Tukutane mlango wa nyuma, mashine ya mbele imejaa tangu asubuhi. Na Furaha ndiye atahesabu, wewe funga mdomo 😄