Vitamini C na E kwa wenye kisukari: ni haki kuziuza kama tiba?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu wa Mwanza, hili limeninyima usingizi. Juzi kwenye daladala ya Buhongwa kijana alisimama na makopo ya vitamini C na E, akatangaza kuwa yanaondoa sumu ya sukari "mpaka unaachana na dawa za hospitali". Mama aliyekaa mbele yangu akafungua fundo kwenye pindo la khanga, noti zimekunjwa ndogo kama karanga, akanunua. Nikamwuliza kwa heshima. Kumbe ilikuwa hela ya metformini, dawa yake ya kushusha sukari.

Kuuza vitamini si kosa. Kuziita tiba ya kisukari, hapo ndipo pa kupiga marufuku. Najua wanachosema kina chembe ya ukweli: sukari ikizidi kwenye damu, mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, huzalisha radikali huru (chembe zinazoharibu seli) kuliko mwili unavyoweza kuzizima, na mishipa midogo ya macho na figo huumia. Maabara, vitamini hizo huzizima kweli. Kwa watu mambo yakawa mengine. Utafiti wa HOPE, uliochapishwa 2000, ulifuatilia watu zaidi ya 9,000, zaidi ya theluthi yao wana kisukari. Nusu walimeza vitamini E yuniti 400 kila siku kwa zaidi ya miaka 4. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Uingereza, 2002, watu zaidi ya 20,000, E na C na beta-karotini (mwili huigeuza vitamini A) kwa pamoja, miaka 5: hakuna tofauti na wasiozimeza.

Dada wa Igoma: Kaka, unaongea kama hujawahi kuuguza. Mama yangu miguu ilikufa ganzi, ndala inamvuka njiani hana habari. Tangu aanze kopo la vitamini anahisi vidole. Hospitali tulipanga foleni toka alfajiri, tukaambiwa "ale vizuri", basi. Aliyekaa akatusikiliza ni muuzaji.

Muuguzi, Ilemela: Pole dada. Hebu soma lebo, kuna vitamini B12? Metformini ikitumika miaka mingi hushusha B12 mwilini, na upungufu wake huleta ganzi ileile. Huenda hicho ndicho kilichorudi, si C wala E. Apimwe. Halafu vitamini C nyingi huweza kudanganya baadhi ya mashine za kupima sukari kidoleni. Kama ni C anayoitaka, pera moja la sokoni linalishinda chungwa kwa mbali.

Mwanzisha mada: Dada, kwa hilo la foleni umenishika, sikulifikiria. Mtu anayesikilizwa kwenye daladala kuliko kliniki atanunua tu. Ila niambie, mama bado anameza metformini?

Dada wa Igoma: Ameacha, huu mwezi wa pili. B12 ipo kwenye lebo, nimeiona sasa hivi. Jumatatu nampeleka akapime sukari, na kopo naenda nalo.