Kuomba sampuli za bure za chipu wakati we ni mtu wa hobi tu, ni sawa au ni wizi wa kistaarabu?

fundi_wa_usiku

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana tangu jana sina raha na najua kuna watakaocheka.

Mi si injinia, elektroniki kwangu ni hobi ya jioni nikishatoka kazini. Nina projekti ya kakituo kadogo ka hali ya hewa, kanapima joto na unyevu, kanatuma data kila dakika kumi, kanakaa nje na betri moja ya lithiamu na kapaneli ka sola. Sasa upande wa pawa nikawa natafuta regyuleta nzuri (kichipu cha kutoa volti zisizobadilika), nimesoma datashiti, zile karatasi za maelezo ya chipu, mpaka macho yanauma, nikaangukia tovuti ya kampuni moja kubwa ya chipu (jina siweki) nikakuta kuna kitufe cha kuomba sampuli bure, hata kusafirisha wanalipa wao. Nikasema leo ni leo.

Fomu ikaanza kunihoji. Jina la kampuni? Nikaandika jina la ukoo nikaongezea "Teknolojia". Bidhaa? Nikaandika "vifaa vya viwandani", sijui hata nilimaanisha nini. Halafu ikaja ile ya unatarajia kununua vingapi kwa mwaka, nikaona nikiandika ukweli watanipiga chini, nikaandika 10,000. Elfu kumi! Mimi ninayehitaji moja, na mbili za kuunguza nikiwa najifunza.

Nimeomba aina tatu, tano tano. Jana imeli imeingia nikadhani ni namba ya kufuatilia mzigo, kumbe ni injinia wa hiyo kampuni, mtu kabisa na jina lake na namba ya simu, anasema amefurahi kuona mradi wetu na anaomba tupange nusu saa wiki ijayo aongee na "timu" yangu, atupitie skematiki (mchoro wa sakiti) bila malipo. Timu yangu ni mimi na paka.

Sasa nimjibu nini, au nikae kimya mpaka asahau? Na hili jambo lenyewe mnalionaje, mtu wa hobi kuomba vitu vya bure kwa kampuni ni kosa au najitesa bure?

mama_transista

Mdogo wangu usikae kimya, hapo ndo utaharibu zaidi.

Nimekaa upande wa pili wa hizo imeli miaka kadhaa kwa hiyo nikwambie kinachotokea. Ukiandika 10,000 hiyo namba haikai kwenye fomu, inaingia kwenye orodha ya wateja watarajiwa, mtu anapewa akufuatilie, na mwisho wa mwezi bosi wake anamuuliza yule wa vifaa vya viwandani amefikia wapi. Asipokupata anaandika tena, anapiga, anaandika tena. Nimewahi kumfukuzia mtu wa namna hiyo wiki sita, nimemwandalia hadi mahesabu ya joto la chipu yake, mwisho akaniambia alikuwa mwanafunzi na projekti alishaikusanya siku nyingi. Mahesabu yalinichukua jumamosi nzima. Sikumchukia ila nilijisikia mjinga.

Watu wanadhani wanachochukua bure ni chipu. Chipu ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye hiyo bahasha. Kuna mtu anakata kipande cha utepe kutoka kwenye rili (gurudumu lenye utepe wa chipu) ya vipande 2,500 au 3,000, anaweka kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, nyingine zinataka na pakiti ya kukausha na kile kikadi kinachobadilika rangi unyevu ukiingia, maana plastiki ya chipu ikishanyonya unyevu inaweza kupasuka ndani ikipita kwenye oveni ya kulehemu. Halafu makaratasi ya forodha, halafu ndege. Yote hayo kwa vitu vitano vinavyojaa kwenye ukucha.

Kwa hiyo kuomba si kosa, kitufe wameweka wenyewe. Ila hiyo elfu kumi kaka, hiyo ni yako.

risasi_60_40

Dada naheshimu uzoefu wako ila mnamtisha kijana bure. Sampuli ni matangazo tu kama matangazo mengine, kampuni haitoi kwa huruma, inatoa kwa sababu kati ya waombaji mia akitokea mmoja akaiweka chipu kwenye bidhaa, hiyo chipu haitoki tena. Bodi ishachorwa, ishajaribiwa, programu ishaandikwa, nani atabadilisha? Wanauza miaka na miaka. Hao tisini na tisa wengine gharama yao ilishahesabiwa kabla hata hawajazaliwa.

Mimi mwenyewe ni ushahidi. Nikiwa chuo niliomba chipu mbili za kubadilisha ishara za RS-232 (ile njia ya zamani ya vifaa kuongea na kompyuta) ziende volti 5, nikaandika wazi kabisa kwamba mi mwanafunzi sina kampuni, wakanitumia. Miaka ikapita nikaajiriwa, siku tunachagua chipu ya kazi hiyohiyo mkono ukaenda wenyewe kwa ile niliyoizoea, sikulinganisha na nyingine hata moja (bosi asisome hapa). Tuliagiza kwa rili. Sasa niambie hapo nani alimla mwenzake?

mama_transista

@risasi_60_40 soma tena ulichoandika. "Nikaandika wazi kabisa kwamba mi mwanafunzi."

risasi_60_40

Haya umenipata 😂 lakini hoja yangu ya matangazo bado imesimama

dipu_daima

Mi nakuja kama mgonjwa aliyepona. Kuna kipindi nilikuwa naomba sampuli kila wiki, yaani ule utamu wa bahasha kufika ulizidi utamu wa projekti yenyewe. Nilikuwa nasoma orodha ya chipu mpya kama mtu anayesoma magazeti, naona kipima mkunjo, naomba, naona amplifaya ya sensa za matibabu, naomba, nina kazi nayo gani? Hamna. "Itakuja kunifaa."

Nina droo hapa, nimeivuta sasa hivi ili nisiwadanganye. Mifuko ya rangi ya fedha imepangwa, mingi haijafunguliwa hata mkanda wa gundi. Nimefungua mmoja, ndani kuna chipu ya milimita 3 kwa 3, haina miguu, chini yake kuna vipedi (vibati vya kulehemu) ishirini vimejipanga pembeni na kimoja kikubwa katikati. Niliagiza bila kuangalia umbo la kifurushi. Mi nalehemu kwa pasi ya kawaida kwenye bodi ya matundu, hicho kipedi cha katikati nitakifikia na nini, maombi? Kwa hiyo kuna mtu alikata utepe, akafunga, ndege ikaruka, kitu kikaja kulala kwenye droo yangu milele. Hapo ndo niliacha, sio kwa sababu nilihubiriwa.

Siku hizi naomba tu kama nina skematiki tayari na ile chipu iko ndani yake na haipatikani kirahisi kwa kipande kimoja. Chipu za kila siku kama 555, LM358, 7805 kuomba sampuli ni aibu jamani, hivyo vinatengenezwa na kampuni kibao na vinauzwa kila kona, nunua tu kama watu wengine. Na naomba mbili, sio tano, hata kama fomu inaruhusu tano.

kizio_baridi

Dipu hiyo droo unauza? 😅

dipu_daima

Siuzi na ukome. Masharti yanakataza kabisa, na hao wanaoomba sampuli halafu wanaziweka mtandaoni kuuza ndo waliotuharibia wote.

saketi_fupi

Kweli, na watu hawaoni uhusiano. Mnalalamika siku hizi fomu zinakataa imeli za bure, zinataka imeli ya kampuni au ya chuo, zinataka ulipie usafiri, kwani mnadhani hizo kuta zilijengwa kwa ajili ya nani? Kila anayeandika elfu kumi anaongeza tofali moja. Anayebaki nje ni yule mwanafunzi mkweli mwenye imeli ya bure na projekti ya kweli. Na milango yenyewe imepungua kwa sababu kampuni zimemezana, Texas Instruments ilimeza National Semiconductor 2011, Microchip ikameza Atmel 2016, Analog Devices ikachukua Linear Technology 2017 halafu Maxim 2021. Zamani ukifungiwa hapa unahamia pale, sasa pale na hapa ni palepale.

Kitu kingine hakijaguswa. Ile sehemu ya fomu inayouliza chipu itatumika kwenye nini na nani ataitumia sio ya kupamba. Kwa kampuni za Marekani hiyo inahusiana na sheria za kusafirisha teknolojia nje, wanatakiwa wajue kinachotoka kinaishia wapi. Kuongeza chumvi kwenye idadi ni uongo wa mtu anayetaka kitu, ila kwenye matumizi usicheze kabisa, andika kituo cha hali ya hewa cha nyumbani, basi. Hakuna atakayekukamata kwa kupima unyevu.

@fundi_wa_usiku ushauri wangu mwandikie leo, mistari minne inatosha. Usijieleze sana, anayejieleza sana anaonekana ana lingine.

fundi_wa_usiku

Nimerudi wakuu. Nilikaa na simu mkononi kama nusu saa nafuta naandika, mwisho nikatuma hivi: "Habari injinia. Naomba radhi, mimi sina kampuni wala timu, ni mtu wa hobi. Namba ya 10,000 niliiandika nikiogopa kukataliwa, nahitaji kipande kimoja kwa kituo cha hali ya hewa kinachotumia betri moja ya lithiamu na kinahitaji volti 3.3. Kama mzigo haujatoka naomba uusimamishe, na samahani kwa muda wako." Nikazima data nikaenda kulala.

Asubuhi kajibu! Nilitegemea kusutwa. Kasema asante kwa kumwambia mapema, ananitoa kwenye orodha, mzigo ulishatoka kwa hiyo niupokee tu. Halafu akaongeza kitu ambacho kimenifanya nicheke mwenyewe jikoni: zile chipu zote tatu nilizoomba hazinifai. Ni za kushusha voltaji tu, za ampea 3, na kwa kuwa nilikuwa nimeandika vifaa vya viwandani yeye alikuwa anajiandaa kunishauri kuhusu kushuka kutoka volti 24! Sasa betri ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, inashuka inashuka mpaka 3 hivi, ikikaribia 3.3 regyuleta ya kushusha inakosa cha kushusha na sakiti inayumba. Anasema kwa kitu kinacholala dakika kumi kinaamka sekunde mbili, nitafute regyuleta ya mstari ya kawaida, nayo inashusha tu ila inataka tofauti ndogo kati ya volti zinazoingia na zinazotoka, na yenyewe itumie mikroampea chache tu ikiwa imelala. Hiyo inatosha, maana kwa sakiti inayokula umeme kidogo kama yangu, chini ya volti 3.4 betri haina cha maana kilichobaki. Na hizo zinauzwa mojamoja kila mahali, sihitaji sampuli ya mtu.

Kwa hiyo ningekaa kimya ningebaki na chipu kumi na tano bila kujua kwamba hazinifai, na ningeenda kwenye ile simu ningepewa ushauri mzuri kabisa wa mashine ambayo haipo.

Mama asante sana, na wewe saketi. Regyuleta nimeshaagiza, nimelipa mwenyewe.

Bahasha imefika mchana huu. @dipu_daima ni zilezile za milimita 3 kwa 3 zisizo na miguu. Kuna mtu ameshawahi kuzilehemu kwa hewa ya moto na hajaziunguza? Nataka nizitumie kujifunzia, nisije nikaanzisha droo.