Mti wa vibwengo Ayalandi: barabara ingepita tu?

Kijiweni: Wakuu, mwaka 1999 kule Latoon, kaunti ya Clare, barabara ilitaka kufyeka mti mmoja wa miiba. Msimulizi wa ngano Eddie Lenihan akaja juu: hapo ndipo vibwengo wa kaunti ya Kerry hukutana wakienda kupigana na wale wa mkoa wa Connacht, mti ukikatwa ajali zitawaandama madereva. Wahandisi wakaubakiza. Ni sawa?

FundiLami: Ujinga mtupu. Kodi ya watu inapigia magoti kichaka!

Mama Zuu: Kichaka ndicho kilichobaki. Mwaka 2002 mtu alikivamia na msumeno, akakinyoa matawi yote, kikachipua tena.

Mchokozi: Mwacheni mama na hadithi zake za vibibi, hazijawahi kumdhuru mtu.

Mama Zuu: Hazijamdhuru mtu? Bridget Cleary, Tipperary, 1895! Mumewe alisema huyu si mke wangu, vibwengo wamenibadilishia, akamchoma moto ndani ya nyumba yao. Na waliomkandamiza kitandani wakimnywesha dawa za majani walikuwa wanaume, si vibibi.

Mchokozi: Si alinyongwa lakini?

Kobe: Wapi. Walihukumu kuua bila kukusudia, akala miaka 15 jela. Na aliamini kweli: alikesha kwenye boma la kale la Kylenagranagh, linaloaminika kuwa makao ya vibwengo, akimngoja mke "halisi" atoke juu ya farasi mweupe.

FundiLami: Kuamini gani? Mke mshonaji, ana cherehani na kuku wake, pesa hamwombi mtu. Wivu huo! Vibwengo wamesingiziwa tu.

Kobe: Na baba mzazi aliyekuwamo humo ndani, naye alikuwa na wivu?

FundiLami: Usinifokee, mimi si shemeji yako.

Kijiweni: Jamani, mti.

Kobe: Mti waliuacha, maboma nayo wakulima wengi hawayagusi hadi leo. Mwaka 2017 mbunge Danny Healy-Rae wa Kerry alisema barabara ya N22 inabonyea kila ikitengenezwa kwa sababu ya vibwengo wa maboma ya jirani.

FundiLami: Lami ikizama tafuta maji chini ya tuta. Kibarua yeyote angemwambia.

Mama Zuu: Wewe si wiki iliyopita ulisema ni dalali wa viwanja?

FundiLami: Dalali hapiti barabarani?