Kama PGDE (stashahada ya uzamili ya elimu) haitambuliki ifutwe, kama inatambulika acheni kutupiga danadana!

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Matangazo ya ajira za walimu huandika kabisa: shahada ya ualimu, AU shahada ya somo husika pamoja na stashahada ya uzamili ya elimu. Mimi nina shahada ya fizikia. Nikajilipia ada ya PGDE, nikasoma saikolojia ya elimu, mitaala na mbinu za kufundishia, nikafanya mazoezi ya kufundisha sekondari moja kule Bahi, kwenye kidato cha pili ambacho hakikuwa na mwalimu wa fizikia kabisa. Watoto walikuwa wanakopi notsi za kaka zao.

Sasa nenda na vyeti ofisini hapa Dodoma. Afisa anaweka kidole kwenye cheti cha shahada: "Mbona hapa hapajaandikwa ualimu? Dada, wewe si mwalimu." Nampa cha PGDE, hakisomi, anakirudisha kwenye bahasha. Ofisi ya pili wanataka barua ya chuo inayotaja masomo mawili ya kufundishia. Naifuata barua, naileta, aliyepo siku hiyo anasema haina kazi, lete transkripti. Hiyo transkripti ilikuwa mezani kwake tangu mwanzo!

Na sisi wa Dodoma hili tunalijua vizuri. Mei 2016, pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliambiwa wafungashe. Serikali iliwaita yenyewe, ikawatoa yenyewe, wengine wakalala stendi na mabegi yao. Kabla yao kuna walimu wa leseni, vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa shule za kata wakati hakuna mwingine wa kwenda. Mpaka leo wanaitwa "voda fasta". Kila ukitokea upungufu njia inafunguliwa haraka haraka, halafu aliyeipita ndiye anabebeshwa lawama.

Sikatai kuchujwa. Nipeni mtihani, njooni mkae nyuma ya darasa mnikague, mtoto wa mtu asifundishwe na yeyote tu. Sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu ipo tangu 2018. Basi sharti liwe moja, limeandikwa, na anayekaa dirishani asiongeze lake!

Wenye PGDE mliopenya, hasa wa sayansi: mlipokelewa kwa karatasi zipi? Wekeni hapa, wengi tunazungushwa.